Umemaliza digrii ya grafiki dizaini, sasa unaanzia wapi? Twende hatua kwa hatua

Habari zenu wadau. Huu mwongozo ni wa mdogo wangu aliyemaliza chuo mwaka huu, ana laptop, ana cheti au anasubiri mahafali, na kila siku anatuma CV kwenye ejensi za matangazo peke yake kwa sababu kule chuo dizaina alisemwa ni wa aina mbili tu, wa ejensi na frilansa. Njia zipo nyingi kuliko hizo. Mimi naishi kwa kazi hii hapa Dar na napokea vijana wa field, na msimamo wangu ni mmoja: miezi yako ya mwanzo iende pale ambapo faili linageuka kuwa kitu cha kushika mkononi, yaani presi (sehemu ya kuchapa), halafu ndo uchague njia. Posta ya Instagram sasa hivi mwenye duka anaitengeneza mwenyewe kwa Canva akiwa amekaa kaunta, na akili bandia inamsaidia, kwahiyo ukitegemea hiyo peke yake utahangaika sana. Anayejua kazi mpaka inatoka mashineni bado anatafutwa.

Hatua ya 1: Jua unapenda sehemu ipi ya kazi

Usianze na cheo. Toa kazi zako zote za chuo, zitazame, jiulize ni ipi ulikaa nayo mpaka usiku bila kulazimishwa na ni kitu gani hasa kilikukalisha. Kama ni kupanga maandishi kurasa nyingi, njia yako ni vitabu, majarida, ripoti za mashirika. Kama ni kufikiria mtu atabonyeza wapi, hiyo ni dizaini ya app na tovuti. Kama ni picha zinazotembea, kuna televisheni na wanaotengeneza video za matangazo. Kama ni maumbo na rangi zinazojirudia kuna vitambaa, na hapa naomba usidharau kanga, kupanga pindo, mji (ile sehemu ya katikati) na jina (yale maandishi) vikae pamoja na bado mtu aivae apendeze ni dizaini ya hali ya juu kabisa na ni kazi yetu ya pwani. Andika mbili tu zinazokuvuta, karatasi iweke pembeni, utairudia.

Hatua ya 2: Nenda presi, na nenda kwa miguu

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Kwa Dar anza na Kariakoo, kwa walio Nairobi zungukeni River Road, mikoani kila mji una watu wake wa kuchapa, uliza stendi wanapochapa stika za magari utaelekezwa. Wakati mzuri ni kuanzia mwezi wa 9 au wa 10 maana oda za kalenda na daftari za mwaka mpya zinaanza kumiminika na kila presi inahitaji mikono. Barua pepe hawasomi, nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, na usimkimbilie bosi, muone yule fundi mkubwa wa mashine. Mwambie "shikamoo fundi, nimesomea grafiki, natafuta sehemu ya kujifunza kuandaa mafaili ya kuchapa", akiitikia marahaba na kukuuliza unatumia programu gani usimtajie Illustrator peke yake, presi nyingi zinaishi kwa CorelDRAW, kwahiyo uwe umeshaigusa kabla hujaenda.

Malipo ya mwanzo yatakuwa madogo, pengine nauli na chakula. Kubali kwa muda mnaokubaliana mapema na mwisho wake ujulikane, usikae mwaka mzima unaitwa mwanafunzi.

Sasa ukiwa pale haya ndo ya kuyashika.

Chukua kadi ya biashara ya milimita 90 kwa 55. Faili lake halitakiwi kuwa 90 kwa 55, linatakiwa kuwa 96 kwa 61, kwa sababu unaongeza bliidi (rangi ya ziada inayovuka mstari wa kukata) ya milimita 3 kila upande, maana mashine ya kukatia inakata rundo zima kwa mpigo na karatasi zikicheza kidogo tu unabaki na mstari mweupe pembeni. Maandishi nayo yarudishe ndani angalau milimita 4 kutoka mstari wa kukata. Halafu angalia weusi wa maandishi madogo: uwe ni wino mweusi peke yake kwa asilimia 100, usiwe mchanganyiko wa rangi zote nne za CMYK (samawati, majenta, njano na nyeusi), kwa sababu ofseti, ile mashine ya kuchapa nakala nyingi, inapiga kila rangi kwa pleti yake (bamba lenye picha ya rangi hiyo), na pleti zikipishana hata kidogo namba ya simu inaonekana ina kivuli cha rangi pembeni yake. Muombe fundi akuonyeshe kwa lenzi yake. Ukishaliona hilo mara moja huwezi kulisahau na utaanza kukagua kila kadi unayopewa mtaani.

Bango la mita 3 kwa 2 watu wanaliandaa kwa dpi 300 (nukta za picha kwa kila inchi) kwa sababu ndo walivyokariri, matokeo yake faili lisilobanwa linapita giga 3 na kompyuta ya presi inaganda. Bango linasomwa kwa mbali, dpi 72 mpaka 100 inatosha kabisa. Pembeni acha nafasi ya zile ringi za kufungia kamba, usiweke logo ya mdhamini hapo ikatobolewa. Rolapu (bango la kusimama linalojikunja kwenye stendi yake) ya sentimita 85 kwa 200 usiweke namba za simu chini kabisa, sehemu ya chini inaingia kwenye stendi.

Kitabu cha kupigwa pini katikati kurasa zake lazima zigawanyike kwa 4. Mteja akija na kurasa 18 wewe ndo unamshauri zipungue ziwe 16 au ziongezeke ziwe 20, tena kabla hujaanza kupanga, maana kurasa 2 hazina pa kwenda.

Tisheti za skrini kila rangi ina skrini yake, kwahiyo logo ya rangi 5 kwa tisheti 20 inamkamua mteja bure, hizo mpeleke DTF (picha inachapwa kwenye filamu kisha inabandikwa kwenye tisheti kwa joto). Zikiwa tisheti 500 za rangi moja au mbili, skrini inashinda bei. Dizaina anayelijua hili anaweza kupunguza gharama ya kazi kwa kubadili dizaini, na mteja akishaona umemuokolea hela haendi kwa mtu mwingine.

Hatua ya 3: Portifolio itoke kwenye vitu halisi

Omba ruhusa, beba nakala ya kila kazi nzuri uliyoshiriki, piga picha mchana karibu na dirisha. Kazi 6 mpaka 8 zinatosha. Chini ya kila moja andika sentensi chache: mteja alikuwa na shida gani, wewe ulifanya sehemu ipi (sema ukweli, kama ulipanga kurasa tu sema hivyo hivyo), ilichapwa kwenye nini na kwa nini. Weka Behance (mtandao wa kuonyesha kazi za dizaini) ukipenda ila tengeneza na PDF nyepesi, maana wengi wataifungulia kwenye simu kutoka WhatsApp na bando ni lao.

Hatua ya 4: Sasa rudia ile karatasi, chagua mlango

Ejensi: utajifunza kufanya kazi na mwandishi wa matangazo na mtu wa mkakati, brifu (maelekezo ya kazi kutoka kwa mteja) zinakuja kwa kasi, usiku unakuwa mrefu. Nzuri kwa miaka michache ya mwanzo. Ndani ya benki, kampuni ya simu au shirika lisilo la kiserikali: mshahara unaeleweka, chapa ni ileile kila siku, kazi nyingi ni ripoti na mawasilisho, kwahiyo InDesign, programu ya kupanga kurasa, iwe mkononi. Serikalini na taasisi za umma nafasi zinatangazwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, fungua akaunti yako mapema na vyeti viwe tayari, usisubiri tangazo litoke ndo uanze kutafuta mwanasheria wa kugonga muhuri.

Dizaini ya app: jifunze Figma (programu ya kuchora kurasa za app), fanya majaribio kwenye simu za bei rahisi zenye kioo kidogo, kitufe kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini) kwenye Android, na rangi ya maandishi itofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1, maana watu wetu wanatumia simu juani, kituoni, mkono mmoja umeshika begi.

Mlango ambao vijana wanaupita bila kuuona ni vifungashio. Nenda maonyesho ya Sabasaba mwezi wa 7 pale viwanja vya Barabara ya Kilwa, au Nane Nane mwezi wa 8, ingia kwenye banda la SIDO (shirika la viwanda vidogo) uone wajasiriamali wa asali, viungo, sabuni, unga wa lishe. Bidhaa nzuri, lebo zinawaangusha. Mama ana asali safi ya Tabora kwenye chupa nzuri lakini lebo imetoka kwenye printa ya ofisini, ikiguswa na mkono wenye maji wino unachuruzika. Nunua bidhaa moja, nenda nayo nyumbani, tengeneza lebo upya, ichape, ibandike kwenye chupa ileile, kisha rudi kwake na chupa mkononi. Hiyo inaongea kuliko CV.

Ila lebo ina sheria zake: jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) inawekwa tu kama mteja ameshapewa leseni ya kuitumia, akikuambia "weka tu nitapata" kataa. Bakodi za bidhaa zilizosajiliwa GS1 Tanzania (wanaotoa namba za bakodi) zinaanza na 620, za Kenya 616, na hiyo namba mteja anaipata kwao, huitungi wewe. Bakodi usiipunguze chini ya asilimia 80 ya kipimo chake cha kawaida, na mistari yake usiipake nyekundu ili ifanane na chapa, skana nyingi za dukani zinatumia mwanga mwekundu na mistari myekundu haziioni. Supamaketi inarudisha mzigo mzima kwa kosa hilo.

Hatua ya 5: Karatasi na hela

TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, Mamlaka ya Mapato, haina malipo, chukua hata kama bado umeajiriwa. Ukianza kupata wateja wako sajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), inafanyika mtandaoni. Kampuni ikikulipa kama mtoa huduma itakata kodi ya zuio (kodi inayokatwa kabla hujalipwa) asilimia 5, usigombane nao, ila dai ile hati ya zuio uitunze maana inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwahiyo unapojadili mshahara hesabu kile kitakachobaki mkononi.

Kwa kazi binafsi: nusu ya malipo kabla ya kufungua programu, marekebisho mawili au matatu yaandikwe kwenye kotesheni (karatasi ya bei), na kabla ya kuchapa mteja asaini pruufu (nakala ya mfano ya kukagua). Hata kama ni shemeji yako, asaini. Akisema hana muda, aandike "nimekubali, chapa" kwenye WhatsApp juu ya picha ya pruufu yenyewe, na wewe uihifadhi. Faili la mwisho linalofunguka na kuhaririwa linatoka malipo yakikamilika, na hilo nalo liandikwe toka siku ya kwanza, usije ukalisema siku mnagombana.

Hatua ya 6: Kuondoka presi

Ukiona mafaili yako yanaingia mashineni bila fundi kukuita, muda umefika. Aga vizuri, omba barua ya utambulisho, na namba ya yule fundi usiipoteze, kwa sababu ukishaanza kuleta kazi zako mwenyewe yeye ndo atakayekuambia karatasi ipi imeingia, ipi imepanda bei, na kama oda yako ya Ijumaa itatoka kweli.