Kusoma maneno ya kitani katika maandishi ya Kilatini

Hatua ya 1. Anza na linum, lakini usilifasiri hadi uone kitenzi chake. Neno hili hubeba mmea wa kitani, nyuzi zake, uzi uliosokotwa, hata wavu. Mwaka 63 KK, katika hotuba ya tatu dhidi ya Catilina, mkuu wa njama ya kupindua serikali ya Roma, msemaji Cicero anasema linum incidimus. Ukiandika "tulikata kitani" umepotea: kilichokatwa ni uzi uliofungia vibao vilivyoandikwa barua. Tena lino huenda si kitani kabisa. Kitenzi linere, "kupaka", nacho hutoa lino, ila i yake ni fupi.

Hatua ya 2. Ukikuta linteum, kitambaa kimekwishafumwa. Ndicho Yesu anachojifunga kiunoni katika Yohana 13:4 ya Kilatini. Wingi wake, lintea, kwa washairi mara nyingi ni matanga. Lintea hiyohiyo yaweza kuwa kivumishi, "ya kitani", kwa hiyo tafuta kwanza nomino ya jinsia ya kike iliyo jirani.

Hatua ya 3. Kwa maneno ya kazi yenyewe, fungua kitabu cha 19 cha Naturalis Historia, ensaiklopidia ya Mrumi Plinius. Mabua hulowekwa katika maji yaliyopashwa na jua, yakiwekewa uzito yasielee (wa pwani watakumbuka makumbi ya nazi yanayolowekwa ili kupata usumba). Ganda likilegea, yameiva. Hukaushwa, hupondwa kwa nyundo, huchanwa kwa kulabu za chuma. Nyuzi duni za karibu na ganda ndizo stuppa, nazo hufaa kwa tambi za taa. Usiite stuppa "kitani safi". Hicho ni byssus, kama cha tajiri wa Luka 16:19.

Hatua ya 4. Watu. Linteo ni mfumaji. Linyfus vilevile, katika maandishi ya baadaye. Lintearius akiwa mtu, mara nyingi ni mwuzaji. Kwenye jiwe la maandishi lililochakaa, linarius (kitani) na lanarius (sufu) hutofautiana kwa herufi moja, na A nyingi huchongwa bila mstari wa kati. Hesabu miguu ya herufi: mmoja ni I, miwili ni A.

Hatua ya 5. Bei. Amri ya bei ya mwaka 301 ya Diocletianus, mfalme wa Roma, hupanga kitani kwa majina ya miji ya mashariki ya dola lake: Scythopolis, Tarsus, Byblos, Laodicea, halafu "cha Tarsus cha Alexandria". Hicho cha mwisho ni mtindo wa Tarsus uliofumwa Misri, kwa hiyo usichore ramani ya biashara kwa jina la mji peke yake.