Jinsi ya kuingia katika uandishi wa siasa na uchechemuzi wa sera ukiwa Mwanza

Kijana wa Mwanza anayetaka kuandika habari za siasa, au kufanya kazi ya uchechemuzi wa sera, yaani kushawishi wenye mamlaka waiboreshe au waibadilishe sera, huambiwa mapema kwamba akitaka kazi hiyo apande basi aende Dar es Salaam au Dodoma. Ushauri huo una ukweli wake, kwa kuwa Bunge liko Dodoma, na vyumba vikubwa vya habari pamoja na mashirika kama Twaweza, HakiElimu na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu vina mizizi yake Dar es Salaam. Hata hivyo, sera inayopitishwa Dodoma hutekelezwa, au hushindwa kutekelezwa, katika halmashauri, na Mkoa wa Mwanza peke yake una halmashauri nane: Jiji la Mwanza, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Kwa anayeanza, kulifahamu baraza moja la madiwani kuliko mtu mwingine yeyote mjini kuna faida kubwa kuliko kugombea nafasi ya kusimama nyuma ya kamera katika ziara ya waziri.

Chagua jambo kabla ya kuchagua ofisi

Waombaji wengi huanza kwa kusambaza barua kila mahali. Ni afadhali uanze kwa kuchagua jambo moja la Kanda ya Ziwa na kulisoma kwa miezi kadhaa hadi uweze kulieleza bila karatasi. Mambo hayakosekani: uvuvi wa sangara na dagaa, usafiri wa majini, maji safi katika miji iliyo kando ya ziwa, au fedha za halmashauri. Nitachukua hili la mwisho kama mfano, kwa sababu linahitaji subira tu na hesabu ya darasa la saba.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa Aprili 2023 kutokana na udhaifu katika utoaji na urejeshaji, kisha ukarejeshwa mwaka 2024 kwa masharti mapya. Hapo kuna habari ya siasa ya kumtosha mwandishi kwa mwaka mzima, na kuna kazi ya uchechemuzi vilevile.

Nenda kwenye kikao cha baraza. Mikutano ya kawaida hufanyika kila robo ya mwaka na huwa wazi kwa wananchi, ingawa wananchi wanaoingia ni wachache. Madiwani wakifungua makabrasha yao, wewe jitahidi kupata nakala, hata ya kuazima kwa diwani wa kata yako baada ya kikao. Tafuta jedwali la mapato ya ndani, uangalie safu ya makisio na safu ya makusanyo halisi. Kisha fungua taarifa ya maendeleo ya jamii uone kiasi kilichotolewa kwa vikundi na kiasi kilichorejeshwa. Tuchukue mfano wa hesabu tu: iwapo mapato yanayohusika ni shilingi bilioni 10, unatarajia kuona bilioni 1 imetengwa, yaani milioni 400 kwa wanawake, milioni 400 kwa vijana na milioni 200 kwa watu wenye ulemavu. Ukiona fungu la watu wenye ulemavu ni dogo kuliko inavyotakiwa, usiandike kwanza. Linganisha na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya mwaka husika, ambayo hukabidhiwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwasilishwa bungeni baadaye, halafu umuulize ofisa maendeleo ya jamii sababu. Huenda kuna sababu halali, kwa mfano vikundi vilivyoomba kutotimiza masharti.

Usipopewa takwimu kwa mdomo, ziombe kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi na itaje kitu kimoja kinachoweza kupatikana kwenye jalada: “Naomba orodha ya vikundi vilivyopewa mikopo ya asilimia 10 katika mwaka wa fedha uliopita, kwa kila kata, pamoja na kiasi kilichotolewa na kilichorejeshwa.” Barua inayoomba “taarifa zote kuhusu mikopo” hujibiwa kwa salamu. Peleka nakala mbili, moja ugongewe muhuri wa masjala wenye tarehe, kwa kuwa bila muhuri huo siku 30 hazina mwanzo.

Kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo

Mwanza ina vituo vya utangazaji vinavyosikika mbali, vikiwemo Radio Free Africa na Star TV, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe kina redio yake, ambayo mwanafunzi asiyeitumia anajinyima mwenyewe. Magazeti ya kitaifa huwa na waandishi wake wa mkoa, na wengi wao ni wa kujitegemea wanaolipwa kwa habari iliyotoka; wakikuona unalijua jambo lako, watakushirikisha. Chama cha waandishi wa habari cha mkoa, Mwanza Press Club, ni mahali pazuri pa kuwakuta. Kwa upande wa utetezi, Kivulini inashughulikia haki za wanawake na wasichana, na EMEDO inafanya kazi na jamii za wavuvi na mazingira ya ziwa.

Barua ya utambulisho kutoka chuoni ni ya lazima, lakini haimfanyi mhariri akukumbuke. Ambatanisha kazi mbili ulizokwisha kuandika, hata kama hazijachapishwa popote, moja ikiwa habari fupi na nyingine uchambuzi wa kurasa mbili. Katika barua ya maombi ondoa sentensi ya “naomba nafasi ya kujifunza katika ofisi yako tukufu”, ambayo mhariri ameisoma mara nyingi mno, uweke badala yake jambo unaloweza kumpa: “Nimehudhuria vikao vya Baraza la Madiwani la Ilemela, na ninaweza kuandika kuhusu mikopo ya vikundi katika kata za Kirumba na Kitangiri.” Mhariri mwenye wafanyakazi wachache huona hapo mtu wa kupangiwa kazi kesho asubuhi.

Wakati wa kuomba nao ni muhimu. Vyuo vingi hutoa wanafunzi kwa mafunzo baada ya Juni, wakati mjadala wa bajeti umekwisha Dodoma, na wengi hudhani wamechelewa. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, kwa hiyo kikao cha robo ya nne kinachofuata ndicho chenye hesabu za mwaka mzima, na katika kipindi hicho halmashauri huchagua tena naibu meya au makamu mwenyekiti pamoja na kamati. Kwa mwandishi wa siasa, huo ni msimu wa mavuno. Ukerewe, kwa kuwa Nansio, mji wake mkuu, inafikiwa kwa maji, haifikiwi na waandishi mara nyingi kama inavyostahili; aliye tayari kulala huko usiku mmoja atakuta habari ambazo wenzake hawazifuati.

Wiki za kwanza utapangwa kwenye ziara za viongozi. Andika habari ya ziara kama ulivyoagizwa, ila rudi na swali moja ambalo kiongozi hakulijibu, ulipeleke kwa mhariri siku inayofuata. Utakutana pia na bahasha, yaani fedha ambazo mwenye shughuli huwapa waandishi waliokuja kuiandika. Kukataa bahasha ukiwa huna nauli ya kurudi ni jambo gumu, na wanaohubiri dhidi yake huwa wana mishahara. Lakini posho ya kikao ina uwezo wa ajabu wa kulainisha swali, na mtoaji huwa anaujua. Omba nauli kwa ofisi yako kabla ya kuondoka, na kama haina, bora uchague habari unayoweza kuifuata kwa miguu.

Mwandishi au mchechemuzi

Kazi hizi mbili hulisha sahani moja, na watu wengi huhama kutoka moja kwenda nyingine. Usizifanye kwa pamoja juu ya jambo lilelile, maana msomaji ana haki ya kujua kama aliyemwandikia habari ya mikopo analipwa na shirika linalodai mikopo hiyo ibadilishwe.

Mchechemuzi anayeanza huandika muhtasari wa sera, kwa kawaida kurasa mbili hadi nne, unaoeleza tatizo, sheria iliyopo, gharama ya mabadiliko na mwenye mamlaka ya kuyafanya. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha maandiko mengi. Diwani wa kata yenye mwalo hawezi kubadili kanuni ya ukubwa wa macho ya nyavu. Hiyo iko kwa waziri chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Vivyo hivyo, kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka Septemba 20, 2018 karibu na gati la Bwisya, Ukara, na kuua watu zaidi ya 200, kilikuwa chini ya TEMESA, wakala wa Serikali Kuu, ilhali abiria wake walikuwa wakazi wa Halmashauri ya Ukerewe. Anayetaka kudai vivuko salama akaishia kwenye baraza la madiwani pekee, atapewa azimio zuri lisilo na bajeti. Chora mchoro wa nani anamiliki, nani anakagua na nani anatoa fedha kabla hujaandika pendekezo lolote. Mswada ukifika kwenye kamati ya Bunge, wadau hualikwa kutoa maoni, na muda unaotolewa huwa mfupi, hivyo andiko lako liwe tayari mapema.

Yako mambo ya vibali. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi awe na ithibati ya Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zake zimeweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Ukifungua televisheni ya mtandaoni inayorusha habari, unahitaji leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kikundi chenu cha utetezi nacho kisajiliwe kabla ya kuomba ruzuku.

Siku ya mwisho ya mafunzo, pamoja na fomu ya chuo, omba barua inayotaja kazi ulizofanya kwa majina yake, na uhifadhi nakala ya kila habari au andiko lenye tarehe na jina lako. Barua inayosema ulikuwa “mtiifu na mchapakazi” haimwambii mwajiri anayefuata kama unaweza kusoma kabrasha.