Jinsi ya Kusoma na Kutunza Kumbukumbu za Olimpiki ya Berlin ya 1936

Mtu anayepata kwa mara ya kwanza albamu ya picha za Olimpiki ya 1936 hukimbilia kutafuta swastika, alama ya chama cha Nazi cha Hitler, na akiziona chache kuliko alivyotarajia huamua kwamba kitu hicho ni cha michezo tu. Hilo ndilo kosa la kuepuka tangu mwanzo. Serikali ya Hitler, kati ya tarehe 1 na 16 Agosti mwaka huo, ilitaka mgeni aone ukarimu, na kwa sababu hiyo mabango ya kuwatukana Wayahudi yaliondolewa kwa muda katika mitaa ambayo wageni wangepita. Kumbukumbu za michezo hiyo zilibeba sura hiyohiyo safi.

Anza kwa kuuliza namna kitu kilivyomfikia mwenyewe wa kwanza. Albamu inayopatikana zaidi ilitolewa kwa juzuu mbili na kitengo cha picha cha kampuni ya sigara ya Reemtsma, huko Altona-Bahrenfeld, Hamburg; ya kwanza inahusu hasa michezo ya majira ya baridi ya Garmisch-Partenkirchen, na ya pili ile ya Berlin. Mvutaji alikuta kuponi ndani ya pakiti, akazikusanya, akazibadilisha kwa picha, kisha akazibandika moja moja juu ya maelezo yaliyokwisha kuchapwa. Kwa hiyo ujumbe wa serikali haukusomwa na kutupwa kama gazeti, bali ulijengwa nyumbani, polepole, kwa mikono ya msomaji mwenyewe. Mwaka huohuo kitengo hicho kilitoa pia albamu ya maisha ya Hitler, kwa utaratibu uleule wa kuponi.

Kwa sababu hiyo usibandue picha hata ikiwa imebandikwa upande, wala usijaze nafasi iliyo tupu kwa picha uliyonunua kwingine bila kuandika mahali kwamba umefanya hivyo. Gundi iliyovuja na jina la mtoto lililoandikwa kwa penseli ni ushahidi wenye thamani kuliko ukamilifu, ingawa wauzaji watakuambia kinyume chake.

Baada ya hapo tazama picha na maelezo yake kama vitu viwili tofauti. Jesse Owens, Mmarekani mweusi aliyeshinda medali 4 za dhahabu, yumo katika albamu na amepigwa picha vizuri sana, jambo linalowashangaza wengi. Kuwemo kwake hakuifanyi albamu kuwa huru na propaganda. Mwenyeji aliyetaka kuaminiwa hakuweza kumficha mtu aliyeonwa na dunia nzima.

Kisha tafuta wasiokuwemo, na hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Gretel Bergmann, Myahudi wa Ujerumani, aliruka juu mita 1.60 mwezi Juni 1936, akaifikia rekodi ya Ujerumani, lakini mwezi uliofuata akaarifiwa kwamba hakuchaguliwa kwenye timu ya nchi yake. Ibolya Csák wa Hungaria alitwaa dhahabu kwa kimo hichohicho. Tarehe 16 Julai polisi waliwakamata mamia ya Waroma na Wasinti (jamii ambazo wengi waliziita Wagypsi) wa Berlin na kuwapeleka kambi ya Marzahn. Andika mambo haya kwenye karatasi isiyo na asidi na uiweke ndani ya albamu, kwenye ukurasa wa kuruka juu, ili atakayeirithi asiione picha bila kuyasoma.

Kwa vitu vingine utaratibu ni mfupi zaidi. Mienge ya chuma iliyotengenezwa na Krupp walipewa wakimbizaji wenyewe, katika mbio za kwanza za mwenge wa Olimpiki, kutoka Olympia, Ugiriki, hadi Berlin kupitia nchi 7. Mwenge na vikengele vya ukumbusho huigizwa mno, basi dai historia ya umiliki kabla ya kutoa fedha. Kengele halisi ya Olimpiki hiyo, yenye uzito wa karibu tani 10 na ufa wake, bado iko nje ya uwanja wa Berlin, na kuitazama kwenye picha nzuri kutakusaidia kupima nakala ndogo. Medali ya shaba isisuguliwe, kwani mng'ao mpya hufuta alama za mtengenezaji. Stempu na albamu zikae mbali na jua na unyevu, na anayeishi pwani asiziache kabatini bila kuzikagua mara kwa mara.

Ukitaka kuonyesha au kuuza, fahamu kwamba sheria ya Ujerumani inakataza kuonyesha hadharani alama za Kinazi, isipokuwa kwa malengo kama elimu, utafiti na sanaa, na kwamba masoko kadhaa ya mtandaoni huzikataa bidhaa zenye alama hizo. Usizifute wala kuzikwangua ili kitu kipite sokoni. Kitunze kama kilivyo, pamoja na karatasi yake.