ED zikizidi kazini, anza na daftari

Kila Jumatatu msimamizi wa kubangua alikuwa ananiwekea mezani rundo la ED, zile karatasi za daktari za kumpumzisha mgonjwa kazini: "Nesi, hawa mama wanatuchezea." Niko kiwanda cha korosho hapa Mtwara, chumba changu zamani kilikuwa stoo ya magunia. Kama nawe umekabidhiwa kitanda, kabati na lawama, fungua daftari kwanza. Andika mtu anaumwa nini, anakaa meza ipi, amekosa siku ngapi.

Homa nilizitarajia, mvua zikianza ni lazima. Kilichonishtua ni mikono. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi kama maji ya moto, halafu inakuwa nyeusi na kuchunika. Glavu zilikuwepo, lakini kubwa, za kiume. Mama anazivua ili aishike korosho vizuri. Mafuta ya nyonyo nayo yalikuwa stoo, ufunguo kwa mtu anayefika saa tatu! Tukanunua glavu ndogo, chupa ya nyonyo ikakaa kila meza. Kesi za mikono zikapungua kuliko dawa yoyote niliyowahi kutoa.

Kwa homa, siku ilikuwa inaishia kwenye foleni ya Ligula, hospitali ya mkoa. Sajili chumba chako kwanza, kisha weka vipimo vya haraka vya malaria. Jibu linatoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Ikionekana, dawa mseto na nyumbani. Isipoonekana, usimpe mseto kwa mazoea, tafuta kingine. Mjamzito au aliyezidiwa, mpeleke hospitali bila kubishana.

Na ufunge mdomo. Mimi niliwahi kumtajia msimamizi ugonjwa wa mama mmoja, nikidhani namtetea. Kufikia chakula cha mchana kiwanda kizima kinajua. Wiki kadhaa wakawa wanaupita mlango wangu kwenda duka la dawa. Sasa msimamizi anapata karatasi yenye idadi ya siku na kazi anayoweza kufanya mtu, basi.

Hiyo kazi nyepesi ndiyo ngumu kuipata. Mwenye vidonda asiguse korosho za kula, kwa hiyo mpe mizani, au kushona mifuko. Ila wabanguaji wetu wanalipwa kwa kilo. Ukimhamisha, umemkata mshahara. Ndiyo maana wanaficha mkono mpaka uvimbe, halafu anakosa wiki mbili badala ya siku mbili. Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Na mkono ulioungulia kazini utolewe taarifa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, usiishie kwenye ED.

Nilipeleka daftari ofisini, nikaomba anayehamishwa alipwe wastani wake wa kilo. Msimu wa kwanza walikataa. Wa pili wakakubali siku tatu. Mimi bado nadai tano.