Jinsi ya kuzielewa protini za juu ya bakteria wa njia ya hewa bila kukariri majina

Wengi wakianza hii mada wanakimbilia kukariri, PspA, CbpA, P1, pertaktini, na baada ya muda mfupi hakuna kilichobaki kichwani. Mi nashauri kila ukikutana na protini uiulize maswali matatu tu: inashika nini, inamkinga bakteria na nani, na ikitolewa ugonjwa unabadilikaje. Hilo la tatu ndo zito kuliko yote na ndo linalorukwa sana.

Kabla ya yote elewa njia ya hewa yenyewe ikoje. Ndani kuna ute na kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopiga muda wote kuusukuma huo ute kwenda juu kooni, ukifika huko unamezwa au unakoholewa, kwaiyo bakteria asiyeshika kitu anaondoka nao hata hajapata nafasi ya kuzaliana. Ndo maana tunaanza na kushika.

Anza na Mycoplasma pneumoniae maana ni rahisi kumfuatilia. Huyu hana ukuta wa seli kabisa (penisilini haimfanyi kitu, sababu yenyewe inazuia ujenzi wa ukuta), ana ncha upande mmoja wa mwili na hapo ndo imejaa protini inayoitwa P1. P1 inashika asidi ya siali, ni aina ya sukari iliyopo juu ya seli zetu. Wale waliopoteza P1 hawashiki, na wasiposhika hawaleti ugonjwa. Swali la kwanza na la tatu yamejibika kwa pamoja, ila usizoee, bakteria wengi hawatoi jibu safi hivyo.

Sasa nenda kwa Streptococcus pneumoniae, yule wa nimonia. Hapa kuwa makini jamani, kapsuli yake, yani ganda la nje linalomfunika, ni ya sukari sio protini, na chanjo za nimonia zinazotumika sasa zinalenga hiyo kapsuli, ambayo ina aina zaidi ya 100. Ukichanganya hayo mawili somo lote linavurugika. Protini zenyewe zinakaa chini ya hapo, nyingine zimejishikiza kwenye kolini, kemikali ndogo iliyopo kwenye ukuta wa bakteria. PspA inazuia komplimenti kujibandika kwa bakteria, yani zile protini za damu zinazomwekea alama ili seli nyeupe zimle, afu pia inashika laktoferini, protini ya kwenye ute ambayo inanyima bakteria madini ya chuma na inaweza hata kuwaua. CbpA nayo inashika fakta H, ambayo kazi yake ni kutuliza komplimenti isishambulie seli zetu wenyewe, sasa bakteria akijipaka hiyo anahesabiwa kama mwenyeji.

Lakini CbpA ina kazi nyingine ambayo kwangu ndo tamu zaidi. Seli za njia ya hewa zina kipokezi kinachobeba kingamwili za IgA kutoka ndani kuzileta juu kwenye ute, ni kama mtumbwi wa kuvusha, na CbpA inaudandia ukiwa unarudi ndani. Hii imeonekana kwenye seli zinazooteshwa maabara.

Swali la tatu sasa. Mwaka 1988 mtafiti wa bakteria Stanley Falkow aliandika utaratibu ambao mpaka leo unafuatwa: zima jeni ya hiyo kitu, uone kama bakteria anapungua makali, afu irudishe uone kama makali yanarudi. Kwaiyo ukisoma utafiti wowote angalia kama jeni ilirudishwa, wakishaishia kuitoa tu bado huwezi jua kama waliharibu kitu kingine bila kukusudia. Halafu angalia walitumia mnyama gani. CbpA inashika kile kipokezi cha binadamu, cha panya haikishiki, kwaiyo panya asipoonyesha tofauti usikimbilie kusema protini haina kazi.

Na kuna wakati bakteria wenyewe wanatupa jibu. Bordetella pertussis wa kifaduro ana protini kadhaa za kushikia, kuna hemaglutinini yenye umbo la uzi, kuna fimbria (vijinywele vya juu ya bakteria), kuna pertaktini. Pertaktini imewekwa kwenye chanjo nyingi za kifaduro zile zinazotumia vipande vya bakteria badala ya bakteria mzima, na kwenye nchi zinazotumia chanjo hizo wameongezeka bakteria wasiokuwa nayo kabisa, na bado watu wanaumwa. Maana yake ugonjwa unawezekana bila hiyo protini, ila kingamwili dhidi yake zilikuwa zinawabana kweli, la sivyo kuipoteza kusingewapa faida. Jibu la swali moja halikupi jibu la lingine, tenganisha.

Ukitaka kujipima chukua Haemophilus influenzae wale wasio na kapsuli, wanaosababisha sana maumivu ya sikio kwa watoto na kuwasumbua wenye ugonjwa sugu wa mapafu. Tafuta HMW1 na HMW2, protini zao mbili za kushikia. Wengi wanazo ila sio wote, na wasio nazo mara nyingi wana protini nyingine ya kushikia inayoitwa Hia. Kabla hujasoma maelezo, andika mwenyewe unategemea nini kitatokea ukizima HMW1 peke yake.