Namna ya kuisikiliza Happy End ukiwa Goma

Happy End, bendi ya rock ya Tokyo, ilidumu tangu 1969 hadi 1972 tu, na mtu asiyejua Kijapani anaweza kuifuata vizuri akiipa jioni moja. Anza na albamu ya pili, Kazemachi Roman ya 1971, kwa kuwa ile ya kwanza ina magitaa mazito yanayochosha sikio geni. Ngoja mpaka moto, yaani pikipiki, zipungue barabarani, uvae visikilizio, na mara ya kwanza uachane na maneno, ufuate besi ya Haruomi Hosono peke yake.

Mara ya pili fuata silabi. Wakati ule walikuwapo wanamuziki, Yuya Uchida akiwa mmojawapo, walioshikilia kwamba rock iimbwe kwa Kiingereza, maana Kijapani hakikai juu ya mapigo. Kijapani, kama Kiswahili, hufunga karibu kila silabi kwa irabu. Gonga meza mara nne ukisema ni-na-ru-di, silabi moja kwa kila pigo, nawe utasikia wimbo wa darasani. Sasa ivute "na" kwa mapigo mawili, kisha uzibane "ru-di" ndani ya pigo la mwisho. Hivyo ndivyo mwimbaji wao Eiichi Ohtaki anavyoyakata na kuyavuta maneno katika "Haru yo Koi" ya albamu ya kwanza, wimbo wa kijana aliyeondoka kwao na kuukuta mwaka mpya akiwa peke yake.

Maneno mengi yaliandikwa na mpiga ngoma, Takashi Matsumoto. Kazemachi, yaani mji wa upepo, ni Tokyo ya utoto wake, kabla haijabomolewa na kujengwa upya kwa ajili ya Olimpiki ya 1964. Katika "Kaze wo Atsumete" mtu anapita kichochoro cha pembezoni, anaona ndani ya ukungu tramu ikivuka bahari, na kutamani kuukusanya upepo aruke. Tamaa hiyo anaitamka kwa kitenzi cha heshima, kana kwamba anazungumza na mkubwa wake, jambo ambalo katika rock mimi huliona la ajabu sana. Anayeelekeza njia mjini kwetu kwa kutaja duka lililofunikwa na volkano mwaka 2002 hatahitaji kamusi hapo.

Albamu ya mwisho, iliyorekodiwa Los Angeles na kutoka 1973, iache hadi siku nyingine, ila wimbo wake wa kufunga, ambao mwanamuziki wa Marekani Van Dyke Parks alishiriki, usikilize usiku huohuo: kiitikio chake kinaiaga Marekani, kisha Japani, tena na tena.