Jinsi ya Kuandika Kifo cha Mwandani Anayejitoa Mhanga Katika Tamati ya Tamthilia ya Sauti ya Kisayansi

Katika filamu, mwandani wa shujaa anaweza kuutazama mlango, akawatazama wenzake, kisha akaufunga mlango ule bila kusema neno, na kila mtazamaji akaelewa kwamba ameamua kufa. Anayesikiliza tamthilia ya sauti hapati msaada huo. Akisikia mlango umefungwa, hajui umefungwa na nani, kutoka upande upi, wala kwa sababu gani. Waandishi wengi huliondoa tatizo hili kwa kumlazimisha mhusika ajieleze: "Sasa ninauvuta wenzo huu, ninyi mtaokoka, lakini mimi nitabaki hapa." Maelezo ya aina hii huuondoa uchungu wote wa tukio, kwa kuwa mtu aliyebakiwa na muda wa kueleza hivyo huonekana kuwa angekuwa na muda wa kukimbia pia. Kazi kubwa ya kuandika kifo cha mwandani hufanyika mapema, katika sehemu za mwanzo za mfululizo, ambamo msikilizaji hufundishwa kuzitambua sauti zitakazomweleza kila kitu baadaye.

Kwa hiyo chagua kwanza kitendo kimoja kitakachogharimu maisha ya mwandani, nacho kiwe na sauti ambayo haifanani na nyingine yoyote katika mchezo wako. Tuseme chombo cha anga kimeshikamanishwa na kituo kwa vishikizo vinne vya chuma, na kwamba kila chombo kinapoondoka, vishikizo hivyo huachia kimoja baada ya kingine, vikitoa mapigo manne mazito yanayosikika ndani ya kuta za chombo. Yaweke mapigo hayo katika sehemu ya kwanza bila kuyazungumzia. Katika sehemu ya tatu yarudie, lakini safari hii umeme wa kituo uwe umekatika, ili mwandani, ambaye ni fundi wa mitambo, alazimike kuachia vishikizo vitatu kwa wenzo ulio upande wa kituo, akimbie kurudi ndani, na kishikizo cha nne, kilicholegea kwa uchakavu, kikatike chenyewe kwa nguvu ya injini. Arudi akihema na kumlalamikia nahodha, ambaye ndiye shujaa wa hadithi, nao wacheke. Kufikia tamati, msikilizaji atakuwa anajua wenzo uko wapi, mapigo ni mangapi, na kwamba kishikizo cha nne kikishakarabatiwa hakuna tena namna ya kukiachia na kuwahi kurudi. Ukarabati huo nao utajwe mahali fulani katikati, kwa sentensi moja ya mazungumzo ya kawaida, na ingependeza zaidi ikiwa mwandani mwenyewe ndiye aliyeufanya.

Msikilizaji wa hadithi za kisayansi ni mwepesi wa kuuliza maswali, na ana haki ya kuuliza. Kwa nini roboti haikutumwa? Kwa nini wenzo usifungwe kwa kamba na kuvutwa kutoka ndani? Kila njia ya kuokoka ambayo msikilizaji anaweza kuifikiria lazima izibwe kabla ya sehemu ya mwisho, na izibwe na matukio yenye umuhimu wao katika hadithi. Njia inayozibwa dakika mbili kabla ya kifo huonekana kama hila ya mwandishi, na msikilizaji akishamwona mwandishi, haombolezi tena.

Hata hivyo, mtego usiokuwa na upenyo wowote ni ajali, wala hauwezi kuitwa kujitoa mhanga. Mwandani anapaswa kuwa na nafasi halisi ya kuondoka, na msikilizaji aisikie nafasi hiyo. Hapa nyayo husema kuliko maneno: zisikike zikikimbia kuelekea kwenye mlango wa chombo, zikifika kwenye sakafu ya chuma ambayo mlio wake tumeuzoea, zikisimama, kisha zikirudi, polepole zaidi. Ni muhimu pia mwandani awe na jambo lake mwenyewe la kuishi kwa ajili yake, lisilomhusu shujaa: deni analotaka kulilipa, kazi aliyoianza, mtu anayemsubiri. Mwandani ambaye maisha yake yote yalikuwa kumtumikia shujaa hatoi kitu chochote kipya anapokufa kwa ajili yake.

Tukio lenyewe lijengwe juu ya tofauti ya maarifa. Msikilizaji aelewe sekunde chache kabla ya nahodha. Pigo la kwanza linasikika, la pili, la tatu. Nahodha anaita jina la fundi wake akidhani yuko nyuma yake, anaita tena, na hapo ndipo linapokuja pigo la nne. Mtu ambaye maikrofoni inapaswa kukaa karibu naye ni huyu anayebaki hai, kwa sababu ndiye anayesikiliza kama tunavyosikiliza sisi.

Fizikia ya anga inakupa zawadi katika dakika hii. Sauti huhitaji kitu cha kupitia, kiwe hewa, maji au chuma, na haisafiri katika ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa. Kishikizo cha nne kikishaachia, hakuna tena chuma kinachounganisha pande mbili, kwa hiyo mngurumo wa kituo uliokuwa ukisikika tangu mwanzo wa sehemu hiyo ukatike papo hapo, na kinachobaki kiwe redio ya mawasiliano peke yake. Kituo kikilipuka baadaye, usiweke kishindo. Vipande vikilipiga gamba la chombo, hivyo ndivyo vitakavyosikika. Ukitaka kutumia ucheleweshaji wa mawasiliano, zingatia umbali: mawimbi ya redio huchukua takriban sekunde 1.3 kutoka Duniani hadi Mwezini, na dakika 3 hadi 22 hivi hadi Mirihi kutegemea mahali sayari zilipo. Chombo kilichoondoka kituoni dakika moja iliyopita hakiwezi kuwa na pengo hilo. Lakini mwandani aliyeko Mirihi anaweza kumaliza kusema na akawa amekwisha kufa wakati nahodha aliyeko Duniani anaanza kumjibu, na sijui silaha kali kuliko hiyo katika aina hii ya utunzi.

Maneno ya mwisho yawe machache na yahusu kazi waliyokuwa wakiifanya pamoja. Hotuba ndefu ya kuaga siipendekezi hata kidogo.

Kimya kiandikwe katika mswada kama kinavyoandikwa sauti nyingine, pamoja na urefu wake. Katika The War of the Worlds, mchezo wa redio kuhusu uvamizi wa viumbe kutoka Mirihi uliorushwa Marekani tarehe 30 Oktoba 1938, mtangazaji hukatizwa katikati ya sentensi na kufuatiwa na kimya kitupu cha sekunde chache, na kimya hicho kilitisha kuliko mlio wowote. Mwaka 1982, kipindi cha televisheni cha Uingereza cha Doctor Who kilipomwua mwandani aitwaye Adric, majina ya watendaji mwishoni mwa kipindi yalipita bila muziki. Televisheni iliweza kufanya hivyo kwa sababu picha ilikuwepo. Katika sauti, kimya kitupu kikizidi sekunde tano au sita, msikilizaji hudhani simu yake imezima. Kirefushe kwa kuacha pumzi ya nahodha au mvumo hafifu wa mitambo.

Warekodi mwigizaji wa nahodha na wa mwandani wakisikiana, hata kama wako studio tofauti, na umwombe anayekufa asilie. Baada ya kifo, wape waliobaki dakika kadhaa za kufanya kazi ambayo marehemu angeifanya, na kuifanya vibaya. Asitokee mtu wa kutangaza kwamba alikuwa shujaa.

Kabla ya kutoa sehemu hiyo, msikilizishe mtu ambaye hajausoma mswada lakini amezifuata sehemu zilizotangulia, kisha mwulize ni nani aliyeuvuta wenzo na angeweza kufanya nini badala yake. Akishindwa kujibu swali la kwanza, rekebisha sauti. Akishindwa la pili, rudi kwenye sehemu ya tatu, kwa maana kosa liko huko.